Kuwaka Si Kubuti

Feni zinazunguka, taa ya kijani imewaka, diski inanguruma. Nembo ya Windows XP inatokea kwenye kioo, vijisanduku vitatu vinaanza kutembea kutoka kushoto kwenda kulia, mara kioo kizima kinageuka buluu, maandishi meupe yanapita upesi kuliko jicho, na kompyuta inajizima na kuanza upya. Vijisanduku vinatembea tena. Buluu tena. Fundi, ambaye dakika 10 zilizopita alikaza skrubu ya mwisho ya mazabodi mpya, anaiweka bisibisi mezani. Mwenye mashine amesimama nyuma yake.

"Si umesema imepona, fundi?"

Tukio hilo lilijirudia katika vibanda na ofisi za dunia nzima katika muongo wa kwanza wa karne hii, kuanzia Kariakoo na Luthuli Avenue mpaka kwenye miji ambako kompyuta zenyewe zilitoka kabla ya kuja kwetu kama mitumba. Umeme ulikuwa unapita. Faili za mteja zilikuwa zimekaa palepale zilipoachwa. Kilichobadilishwa ni kifaa kimoja tu, na mfumo endeshi ukakataa kupanda. Mafundi wana namna fupi ya kulisema jambo hili: inawaka lakini haibuti.

Neno hilo la pili lina safari yake. Buti la mguuni, lile la askari na la mchezaji mpira, Kiswahili kililipokea zamani. Kubuti kumeingia baadaye kupitia meza za mafundi, na wengi hawadhani kwamba maneno hayo ni ndugu. Ni ndugu. Kiingereza kina msemo wa kale kuhusu mtu anayejinyanyua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe, jambo lisilowezekana, na wahandisi wa miaka ya 1950 waliuazima kuliita fumbo lililowakabili kila walipowasha mashine. Kompyuta haiwezi kusoma programu bila programu ya kuiambia isome. Basi hiyo ya kwanza itasomwa na nani?

Kwenye IBM 701, iliyotangazwa mwaka 1952, jibu lilikuwa kitufe. Mwendeshaji alikibonyeza, saketi zikavuta maneno ya mwanzo kutoka kwenye kadi iliyotobolewa, utepe au ngoma ya sumaku, na maneno hayo machache yakavuta yaliyofuata. Kwenye Altair 8800, kompyuta ndogo iliyouzwa kuanzia 1975 kwa watu waliokuwa tayari kuiunga wenyewe nyumbani, hapakuwa hata na kitufe hicho. Palikuwa na safu ya swichi mbele ya sanduku. Mwenye mashine aliingiza programu ya kuanzia kwa kupandisha na kushusha swichi, namba moja baada ya nyingine, na akizima umeme yote ilifutika. Paul Allen alikuwa ndani ya ndege kwenda Albuquerque kuwaonyesha watengenezaji wa Altair lugha ya BASIC aliyoiandaa pamoja na Bill Gates, na ndege ikikaribia kutua ndipo alipong'amua kwamba hawakuandika hiyo programu ya kuanzia. Aliiandika palepale kitini. Bila hiyo, kazi yao yote ingebaki utepe wa karatasi usiosomeka.

Katika mashine ya namna hiyo, kubadilisha kifaa hakukuleta fumbo lolote. Aliyeijua mashine ni mtu aliyekaa mbele yake. Kifaa kikibadilika, naye alibadilisha namba za kuingiza. Taabu ilianza pale ujuzi huo ulipotolewa kichwani mwa mtu ukaandikwa mahali fulani ndani ya sanduku. Tangu hapo, kila kompyuta iliyogoma baada ya kubadilishiwa kifaa imemlazimisha fundi kuuliza swali lilelile: mashine hii imeandika wapi habari za mwili wake?

Gary Kildall, wa California, alilijibu mapema na kwa namna iliyo safi kuliko wote. CP/M, mfumo endeshi alioubuni mwaka 1974, ulitakiwa na kampuni nyingi, na kila kampuni ilikuwa na diski zake, vioo vyake na namna yake ya kuviunganisha. Kuuandika upya kwa kila mashine ilikuwa kazi isiyo na mwisho. Kildall akachukua kila kilichohusu vifaa, akakitenga katika sehemu moja ndogo aliyoiita BIOS, na sehemu kubwa iliyobaki akaiacha bila kujua chochote kuhusu vifaa. Mtengenezaji wa mashine mpya aliandika BIOS yake tu, mengine akayachukua yalivyo. Kila fundi hulitamka neno BIOS mara kadhaa kwa siku. Jina la Kildall halitajwi ipasavyo.

IBM ilipotoa PC yake tarehe 12 Agosti 1981, BIOS ilikuwa imechomwa ndani ya chipu iliyokaa juu ya mazabodi. Utaratibu wake haukuwa mgumu: kagua kumbukumbu na vifaa, soma sekta ya kwanza ya diski yenye baiti 512, iweke kwenye anwani 7C00, kisha iachie usukani. Diski kubwa za kudumu zilipoingia kwenye PC mwaka 1983, baiti hizo 512 ziligawanywa: 446 za programu, 64 za jedwali lenye nafasi ya patisheni 4, na 2 za mwisho, 55 na AA, zikawa muhuri. Muhuri usipoonekana, BIOS huihesabu diski kuwa si ya kubuti. Mlango mzima wa kuingilia mfumo ulikuwa baiti 446, pungufu ya herufi zilizomo katika aya hii.

DOS, mfumo endeshi wa PC wa miaka hiyo, ilikuwa na uvumilivu ambao mifumo mingi iliyofuata haikuwa nao. Kila ilipotaka kusoma diski iliiomba BIOS, na kwa sababu hiyo haikuhitaji kujua imo ndani ya mashine ya nani. Wahandisi wa Compaq waliandika BIOS yao iliyofanya kazi kama ya IBM bila kunakili mistari ya IBM, na kuanzia 1983 mashine zao zikaendesha programu zilezile. Diski yenye DOS iliweza kuhamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine na kwa kawaida ikabuti, alimradi BIOS mpya ilikubaliana na ya zamani kuhusu umbo la diski. Sharti hilo la mwisho ndilo lililokuja kuwasumbua watu.

Mwezi Agosti 1984 IBM ilitoa PC AT, na ndani yake mlikuwa na chipu ya saa kutoka Motorola, MC146818, yenye baiti 64 za kumbukumbu zilizolindwa na betri. Humo mashine iliandika, pamoja na mengine, namba ya aina ya diski. BIOS ilikuwa na orodha ya aina za diski, kila moja na idadi yake ya silinda na vichwa, na namba ile ndiyo iliyoiambia ifuate mstari upi wa orodha. Betri ikifa, namba inapotea. Mashine ikiwashwa, tarehe inarudi 1 Januari 1980 na kompyuta inadai haina diski. Diski ipo, inazunguka, inasikika mpaka chumba cha pili. Aliyeijua ndiye aliyekufa.

Programu ya kuirudishia AT mipangilio yake ilikuja kwenye flopi. Aliyeipoteza flopi hiyo alibaki na betri mpya na mashine isiyobuti, na huenda ndiyo sababu watengenezaji wa baadaye waliiingiza programu ya mipangilio ndani ya BIOS yenyewe, ikifunguliwa kwa kubonyeza Delete au F2. Fundi mwangalifu aliandika silinda, vichwa na sekta kwa kalamu kwenye karatasi, akaibandika ndani ya kifuniko. Diski zilipozidi ukomo wa silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63, yaani baiti milioni 528, BIOS zilianza kutafsiri umbo la diski kwa hesabu, na hesabu hizo hazikuwa moja kwa watengenezaji wote. Diski iliyogawanywa chini ya BIOS moja ilisomeka vibaya chini ya nyingine. Watu walizitupa diski nzima kwa kuamini zimekufa, kumbe zilikuwa zimetafsiriwa vibaya tu.

Kisha BIOS yenyewe ikaingia hatarini. Katika miaka ya 1990 watengenezaji waliacha kuichoma BIOS kwenye chipu isiyofutika, wakaiweka kwenye chipu inayoweza kuandikwa upya, ili irekebishwe bila kubadilisha chipu. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kilichoitwa CIH, kilichoandikwa na Chen Ing-hau wa Taiwan mwaka uliotangulia, kiliamka katika kompyuta nyingi za Windows 95 na 98, kikafuta mwanzo wa diski, na penye mazabodi zilizokubali kikaandika takataka juu ya BIOS. Mashine hizo hazikuonyesha chochote. Hazikuwa na hata ile sentensi ya kwanza ya kujiambia cha kufanya.

Dawa waliyoitumia mafundi wa aina nyingi za mazabodi ni ya kutazamwa kwa karibu, maana ni kazi ya mikono iliyohitaji moyo mkavu. Walitafuta mashine nyingine nzima yenye mazabodi ya aina ileile, wakailegeza chipu yake ya BIOS kwenye soketi, wakaiwasha na kuipeleka DOS kwa flopi. DOS ikishapanda, mashine ingeweza kuendelea kwa muda bila chipu ile. Hapo fundi, umeme ukiwa unapita, aliichomoa chipu nzima taratibu pande zote mbili, akachomeka iliyoharibika mahali pake, akaendesha programu ya kuandika BIOS. Kidole kikiteleza, chipu ikigeuzwa nyuma mbele, zote mbili zinakwenda. Wengine walipitisha uzi chini ya chipu ili waivute wima bila kupinda miguu yake. Maneno yalimalizika kuandikwa, umeme ukazimwa, chipu ikarudishwa kwao, na mashine iliyohesabiwa kuwa mfu ikatoa mlio wake mmoja mfupi.

Ile buluu ya mwanzo wa makala haya ina asili tofauti. Windows NT, iliyotolewa na Microsoft mwezi Julai 1993 chini ya uongozi wa kihandisi wa Dave Cutler, ilikusudiwa kuendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja, tena kwenye prosesa za ukoo tofauti, Intel na MIPS kwa kuanzia. Mfumo wa namna hiyo hauwezi kusimama kuiomba BIOS kila unapotaka kusoma diski. Cutler na wenzake waliweka tabaka liitwalo HAL la kuficha tofauti za mazabodi, na kazi ya diski wakaipa draiva, programu ndogo ya kuendesha kifaa. Windows XP ya mwaka 2001, iliyoingia majumbani kote, ilikuwa mtoto wa NT.

Kompyuta ya XP inapoanza, NTLDR, programu yake ndogo ya kuanzia, husoma diski kwa kuiomba BIOS. BIOS inaijua mazabodi mpya, kwa hiyo kusoma huko hakuna shida: kiini cha Windows kinapakiwa, rejista, yaani daftari la mipangilio yake, inapakiwa, draiva zilizoandikwa kuwa za kuanzia zinapakiwa, vijisanduku vinatembea. Kisha kiini kinashika usukani na BIOS inaachwa. Kuanzia hapo Windows inaifikia diski kwa draiva yake yenyewe, na draiva hiyo ilichaguliwa siku mfumo ulipowekwa, kwa ajili ya kidhibiti cha diski cha mazabodi ya zamani. Kidhibiti kikiwa cha kampuni nyingine, Windows haioni diski ambayo sekunde moja iliyopita ilikuwa inasomwa. Imekuwa kama mgeni aliyeshikwa mkono gizani na mwenyeji mpaka sebuleni, mwenyeji akaondoka, naye anapapasa swichi ya taa mahali ilipokuwa katika nyumba aliyotoka. Maandishi yale meupe, ukiweza kuyasimamisha, yana namba 0x0000007B. Maana yake ni kwamba diski ya kubutia haifikiki.

Ilitokea pia kwamba XP ilitawala katika miaka ileile ambayo mazabodi zilikuwa zinakufa kwa wingi. Kati ya 1999 na 2007 hivi, kapasita mbovu zilizojazwa majimaji yasiyofaa zilitumiwa na watengenezaji wengi. Zilivimba juu, zikapasuka, zikavuja ute wa kahawia. Mazabodi ikifa kwa kapasita, diski haiguswi. Kwa hiyo mtu alikuwa na sababu zote za kununua mazabodi nyingine na kuendelea na diski yake, na hapo ndipo 7B ilipokuwa inamngoja.

Kinachoumiza ni kwamba draiva iliyohitajika mara nyingi ilikuwa tayari imo ndani ya diski ileile, imefungwa katika furushi la draiva la Windows. Ila tu haikuwa imeandikwa kwenye rejista kuwa ni ya kuanzia. Microsoft ilichapisha orodha ya vidhibiti na mistari ya kuongeza kwenye rejista kabla ya kuhamisha diski. Na kwa yule ambaye mazabodi yake ilishakufa na hakupata nafasi ya kujiandaa, kulikuwa na njia ya CD: kuanzia CD ya XP, kubonyeza Enter kana kwamba unaweka mfumo mpya, kukubali leseni kwa F8, na ndipo kubonyeza R. Windows ilijiweka upya juu yake yenyewe, ikapima vifaa upya, programu na nyaraka zikabaki. R ya skrini ya kwanza ilikupeleka kwingine, na waliokosea hapo wakakata tamaa ni wengi.

Badala yake, mezani kwa mafundi wengi kulikuwa na dawa moja: kupiga Windows upya. Fomati, CD, saa moja, kompyuta inabuti, malipo. Hakuna atakayemlaumu fundi mwenye mashine 8 zinazomngoja na kodi ya kibanda. Lakini picha za harusi, hesabu za duka, tasnifu iliyobakiza sura moja, vilifutwa ili kutatua tatizo ambalo lilikuwa mistari michache ya rejista. Hasara ya data iliyopotea kwa namna hiyo haiwezi kuhesabika, na sehemu kubwa yake haikuwa ya lazima.

Betri ya mwaka 1984 nayo ilirudi kwa sura mpya. Mwaka 2004 Intel ilitoa utaratibu wa AHCI wa kuzungumza na diski za SATA, na BIOS zikawa na chaguo: AHCI au namna ya zamani ya IDE. Chaguo hilo lilihifadhiwa palepale kwenye kumbukumbu ya betri. Mtu akibadilisha betri ya CR2032, ile ya ukubwa wa sarafu, BIOS inarudia mipangilio ya kiwandani, chaguo linageuka, na Windows iliyowekwa chini ya chaguo lile jingine inaanguka kwa 7B. Mazabodi ni ileile, diski ni ileile, kilichobadilishwa ni betri ya bei ndogo kuliko vyote. Anayejua hufungua BIOS na kurudisha chaguo kwa dakika 1. Asiyejua hupiga Windows upya.

Upande wa Linux mambo yalikwenda kwa njia yao. LILO, programu ya kuanzia iliyoandikwa na Werner Almesberger, haikusoma faili. Ilikumbuka ni sekta zipi za diski zilizo na kiini. Ilipokuwa inaanza iliandika jina lake herufi moja moja, na kila herufi ilikuwa hatua. Mashine ikisimama kwenye LI, fundi alijua kwamba sehemu ya pili imepakiwa lakini imeshindwa kuendeshwa, na mara nyingi kisa kilikuwa yale maumbo ya diski yasiyokubaliana. Herufi mbili tu kwenye kioo cheusi, na zilieleza zaidi kuliko ukurasa mzima wa buluu. GRUB, aliyoianzisha Erich Boleyn mwaka 1995, ilijifunza kusoma mifumo ya faili yenyewe, na ikawa na sehemu ya kuandikia amri kwa mkono mambo yakiharibika.

Mtego mkubwa wa Linux ulikuwa majina. Diski iliitwa hda au sda kulingana na waya na kidhibiti chake, na faili la fstab liliyafuata majina hayo. Diski ikihamishiwa soketi nyingine, jina linabadilika na mfumo unatafuta mzizi wake mahali pasipo na kitu. Mwaka 2006 na 2007, kiini cha Linux kilipohamia draiva mpya za diski, mashine nyingi zilipata adha hiyo bila hata kubadilishiwa kifaa. Jibu likawa UUID, namba ndefu inayoandikwa ndani ya patisheni yenyewe. Tangu hapo diski haitafutwi kwa mtaa inakokaa; inatafutwa kwa jina lake. Huu ulikuwa uamuzi wa busara kubwa, na ni bahati mbaya kwamba haukuja miaka 10 kabla.

Linux pia iliwapa mafundi wa mfumo wowote chombo cha uokoaji. Klaus Knopper wa Ujerumani alitoa Knoppix mwaka 2000: CD inayobuti mfumo kamili bila kugusa diski. Kwa CD hiyo, na baadaye kwa flashi, fundi aliweza kuingia kwenye kompyuta ya Windows isiyobuti na kunakili nyaraka za mteja kabla ya kujaribu lolote. Waliokuwa na tabia hiyo walilala vizuri.

Microsoft nayo ilipunguza makali. Kuanzia Vista ya 2007 Windows ilichagua HAL yake kila inapobuti, na kuanzia Windows 8 ya 2012 draiva ya kawaida ya AHCI iliweza kurudishwa kwa kupita tu katika hali salama mara moja. Leo diski yenye Windows 10 ikihamishiwa mashine nyingine, mara nyingi husimama kwa muda ikipanga vifaa, kisha hupanda.

UEFI, mrithi wa BIOS, ilileta kusahau kwa namna nyingine. Ilianza kwa Intel katika miaka ya 1990 kwa ajili ya Itanium na ikakabidhiwa jukwaa la kampuni nyingi mwaka 2005. Badala ya kusoma baiti 512 za kwanza, UEFI ina orodha ya majina ya mifumo na njia za faili zake, na orodha hiyo inakaa kwenye kumbukumbu ya mazabodi. Ukibadilisha mazabodi, orodha inaondoka na ile ya zamani. Kuna njia moja ya akiba ambayo UEFI hujaribu bila kuambiwa, faili la EFI\BOOT\BOOTX64.EFI. Likiwepo, mashine inabuti. Lisipokuwepo, fundi huanzia kwenye flashi na kuandika orodha upya, kwa bcdboot kwenye Windows au efibootmgr kwenye Linux. Ni kazi ya dakika 5, na hakuna cha kufomati.

Hadi hapo mashine zote zilizogoma ziligoma kwa kutojua. Zilizofuata ziligoma kwa makusudi, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko zote zilizotangulia.

XP yenyewe ilianza kuhesabu vifaa. Iliweka alama za sehemu kadhaa za kompyuta, na nyingi zikibadilika ilitaka ithibitishwe upya ndani ya siku 3, la sivyo haikumruhusu mtu kuingia. Ilikuwa kero, ila simu moja iliimaliza. Simu za mkononi zilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 mpigapicha mmoja wa habari aliyekuwa kazini Macedonia aliharibu iPhone 6 yake, akaitengeneza kwa fundi wa hukohuko, kioo na kitufe cha kusomea alama ya kidole. Simu ilifanya kazi vizuri mpaka alipopakua toleo jipya la mfumo. Ikajikagua, ikakuta kitufe si kile kilichofunganishwa nayo kiwandani, ikagoma kubuti, na likatokea kosa namba 53. Gazeti la The Guardian lilipochapisha habari hizo Februari 2016, wengine wengi walijitokeza. Ndani ya mwezi huohuo Apple iliomba radhi, ikasema ukaguzi ule ulikuwa wa kiwandani na haukukusudiwa wateja, ikatoa toleo la kuzifufua simu. Mwezi Juni 2018 mahakama ya shirikisho ya Australia iliitoza kampuni hiyo dola milioni 9 za nchi hiyo, kwa kuwaambia wateja kwamba kutengenezewa kwa fundi mwingine kumewanyima haki ya kupata huduma.

Hoja ya usalama si ya kubezwa. Kitufe kinachosoma kidole kinalinda pesa na siri za mtu, na kitufe bandia kinaweza kuwa mlango wa mwizi. Ila kati ya kukizima kitufe na kuiua simu nzima kuna umbali mrefu, na aliyechagua kuuvuka hakuwa mwenye simu. Oregon, nchini Marekani, ilipitisha sheria mwezi Machi 2024 inayokataza kampuni kuvifunganisha vifaa kwa namna ya kuzuia ukarabati, na Umoja wa Ulaya ukapitisha mwongozo wake wa haki ya kutengeneza mwezi Juni mwaka huohuo. Nchi zetu, ambazo vifaa vyake vingi hufika vikiwa vimeshatumika na huishi mikononi mwa mafundi, zina sababu kubwa zaidi ya kudai sheria za namna hiyo.

Kwenye kompyuta kufuli lililoenea ni BitLocker, iliyokuja na Vista. Ufunguo wa diski hutunzwa na chipu ya usalama iliyo juu ya mazabodi, TPM, ambayo huutoa pale tu inapoona mashine ni ileile. Mazabodi ikibadilishwa, chipu inaondoka nayo, na kioo kinaomba namba yenye tarakimu 48 zilizopangwa makundi 8 ya tarakimu 6. Kila kundi linagawanyika kwa 11, ndiyo maana mashine hung'amua mara moja ukikosea kuandika. Bila namba hiyo hakuna fundi, wa Kariakoo wala wa Microsoft, anayeweza kuisoma diski. Windows 11 ilitaka TPM 2.0 tangu ilipotolewa Oktoba 2021, na toleo lake la 2024 likaanza kufunga diski lenyewe kwenye mashine nyingi zinazowekewa mfumo upya kwa akaunti ya Microsoft. Watu wengi wana kufuli hilo na hawajui kama wanalo.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujaipeleka kompyuta yako kubadilishiwa mazabodi, na wakati bado inabuti, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike manage-bde -protectors -get C: kisha Enter. Zikitokea tarakimu 48, zinakili kwa kalamu kwenye karatasi, uisome mara ya pili kundi kwa kundi, na uitunze mahali ambapo si ndani ya kompyuta hiyo.